Siku nne Geneva: tramu, maduka na ile Jumapili

Kutoka Kasulu

Wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu.

Ofisi inanituma Geneva mwezi ujao. Nafika Jumatano jioni, mkutano ni Alhamisi na Ijumaa kule kwenye majengo ya Umoja wa Mataifa, ndege ya kurudi ni Jumapili usiku. Nimeambiwa teksi za huko zinamaliza posho kabla hujafungua begi, watu wanapanda tramu, zile treni za barabarani. Mimi tramu nimeiona kwenye picha tu. Inapandwaje? Na maduka ya bei ya kawaida yako wapi? Jumamosi nataka nipumzike, manunuzi nifanye Jumapili asubuhi: chokoleti za watoto, kisu cha mzee (kile cha kukunja chenye makorokoro yote) na kasufuria ka kumkumbuka mama.

Asanteni.


Kutoka Carouge, mzaliwa wa Ujiji

Marahaba mwanangu. Kwa mvi hizi naipokea bila kuuliza umri.

Anza kwa kugeuza ratiba. Jumapili Geneva imefungwa. Si kama Mwanga yetu ya Kigoma, ambako hata sikukuu hukosi duka lenye mlango nusu wazi. Huku unatembea mtaa mzima unajitazama kwenye vioo. Yanayobaki wazi ni yale ya stesheni ya Cornavin na ya uwanja wa ndege, na huko wenzako wote waliosahau wamepanga foleni. Siku za kazi nayo mengi yanafunga saa moja jioni. Alhamisi wanachelewa kidogo kufunga, kwa hiyo ukitoka mkutanoni Alhamisi una nafasi. Jumamosi nenda asubuhi, utapumzika Jumapili.

Kuhusu nauli, hoteli ikikupokea wewe kama mgeni wa kulala, una haki ya kadi ya usafiri ya bure kwa siku zote za kukaa kwako. Wanaituma kwenye simu kabla hujafika. Usipoiona, waandikie uwaulize. Inafanya kazi kwenye tramu, mabasi, treni ya kutoka uwanja wa ndege hadi Cornavin (dakika saba hivi) na hata boti za ziwani. Ila ina jina lako, kwa hiyo tembea na pasipoti. Ukilala kwa ndugu huipati. Hapo unanunua tiketi kwenye mashine ya kituoni kabla ya kupanda. Mimi nimezoea kulipa faranga 3 kwa saa nzima, na ndani ya saa hiyo unashuka na kupanda utakavyo.

Sasa kupanda. Wiki yangu ya kwanza niliingia, nikakaa, nikashika sarafu mkononi nikimsubiri konda. Vituo sita hakuna konda. Nikasema moyoni, hawa Wazungu wana roho nzuri. Kituo cha saba wakaingia watu wawili wamevaa jaketi kama abiria wengine, mmoja akatoa kitambulisho. Faini ya siku ile sitaiandika hapa, mke wangu anasoma.

Mlango haufunguki wenyewe: bonyeza kitufe kilicho mlangoni, nje na ndani. Usisimame ukidhani dereva amekusahau. Na ukiwa chini kwa miguu, angalia reli kuliko unavyoangalia magari. Kwenye kivuko cha mistari myeupe gari litakusimamia, tramu haikusimamii, sheria yenyewe ndivyo ilivyo. Inakuja kimya, unasikia kengele ikiwa imeshafika.

Namba yako ni 15. Inaanzia Nations, mbele ya Umoja wa Mataifa, pale penye kiti kikubwa cha mbao chenye mguu uliovunjika, inapita Cornavin, inashuka mpaka Plainpalais. Huhitaji kubadilisha. Plainpalais kuna uwanja mkubwa, na Jumatano na Jumamosi ni soko la vitu vya zamani. Kasufuria ka mama kako pale. Nimenunua pale birika la bati, la samawati, kingo zake zimebanduka kidogo. Muuzaji alisema 25, nikaliweka chini nikajifanya naangalia vikombe, akasema 20, nikavuka meza ya pili, akaniita na 15. Watu wanadhani Uswisi hawapatani bei. Pale wanapatana, kwa sauti ya chini tu.

Chakula na chokoleti nenda Migros au Coop, ziko kila mtaa. Chokoleti za chapa ya duka lenyewe ni nzuri na bei yake ni sehemu ndogo ya ile ya uwanja wa ndege. (Migros hawauzi pombe, jambo lililomfurahisha sana marehemu mama aliponitembelea.) Angalia matunda: kwenye maduka mengine unapima mwenyewe. Kuna mizani, unaweka ndizi, unabonyeza namba iliyoandikwa kwenye bei, kinatoka kibandiko. Mimi mtu wa Kigoma nilifika kwa keshia na ndizi tupu, foleni nyuma watu saba, nikarudishwa kwenda kupima ndizi! Mfuko nao unalipiwa, njoo na wako.

Maji usinunue. Ya bomba yanaywika, na chemchemi za mitaani pia, isipokuwa palipoandikwa "non potable", yaani si ya kunywa.


Kutoka Lausanne

Mzee umesahau Ufaransa. Tramu 12 inaenda mpaka Moillesulaz, mpakani kabisa. Unashuka, unavuka kwa miguu, uko Gaillard, na bei zinashuka palepale. Viza ya Schengen inatosha pande zote mbili. Wakazi wengi wa Geneva wananunua huko.


Kutoka Carouge

Sikusahau, niliacha makusudi. Mkazi anajaza friji ya wiki nzima; yeye ana kisu, chokoleti na sufuria. Atapoteza nusu siku akabadilishe faranga kuwa euro. Kurudi nako kuna hesabu: nyama ni kilo moja kwa mtu, na tangu Januari 2025 bidhaa zikizidi faranga 150 unalipia kodi. Akitaka kuona tramu 12 aipande kwa raha yake, ndiyo njia kongwe. Kipande cha Plainpalais na Carouge kilianza 1862 kikivutwa na farasi. Ashuke Carouge tunywe chai.

Ila boti asikose. Ni ndogo, za njano, zinavuka ziwa kutoka Pâquis kwenda upande wa mji wa kale, kwa kadi ileile. Kule Kibirizi, Kigoma, boti inaondoka ikijaa. Hizi zinaondoka kwa saa, hata mkiwa wawili na njiwa. Ziwa lenyewe ni zuri, silisemi vibaya, lakini kina chake mita 310. Tanganyika yetu ina 1,470. Nawaambia wenyeji kila mwaka.


Kutoka Mwanga, Kigoma

Mimi nilirudi 2019, naongeza mawili tu. Kisu weka kwenye begi la kupakia, kikiwa kwenye mkoba watakichukua na hutakiona tena. Chokoleti kinyume chake, beba mkononi. Mimi nilizifunga kwenye begi, nikapanda treni Dar, na kufika Tabora saa za mchana nikasikia harufu tamu ndani ya behewa. Nilizifikisha nyumbani zimeshikana kama ubao. Watoto walizila na karatasi.

La tatu limenijia: plagi zetu za pini tatu bapa haziingii kule. Ya pini mbili nyembamba za duara inaingia.


Kutoka Kasulu

Nimewaandikia hoteli, kadi imefika kwenye simu leo asubuhi. Jumamosi nitakuwa kwenye 15 mapema. Nimewaza pia nikuletee kitu, mzee. Huko mawese yapo?


Kutoka Carouge

Mawese yapo, maduka ya Waafrika kule Pâquis karibu na stesheni, na unga wa muhogo pia. Bei ya dawa lakini yapo. Nyama na maziwa ya kwetu usijaribu kuingiza, haviruhusiwi. Dagaa hawamo kwenye katazo hilo.

Kwa hiyo dagaa wa Kibirizi, kilo moja, wakavu kweli, usikubali wa juzi. Funga mifuko mitatu, ya kwanza uikaze kwa mpira, na uweke mbali na nguo za mkutano. Nitakusubiri Plainpalais saa tatu asubuhi, kituo chenyewe cha tramu. Nitavaa kofia ya Kiswahili, hutanipotea.