Kipimajoto cha min-max (cha joto la chini na la juu kabisa): namba za upande mmoja zimepinduka, ni kibovu?

Chipukizi: Wakuu, salaam. Nina kitalu cha miche, nataka kujua usiku joto linashuka mpaka wapi bila kukesha. Nimepata kipimajoto chenye mrija wa umbo la U, ndani kuna zebaki, na juu yake kila upande kuna kijiti cheusi. Sasa namba za kushoto zinaongezeka kwenda chini, na vijiti havishuki zebaki ikishuka. Nikirudishe dukani?

Domokaya: Rudisha mkuu, umepigwa.

Mzee wa Maabara: Asirudishe, kizima hicho. Aina hiyo ilibuniwa na Mwingereza James Six, karne ya 18. Kinachohisi joto hasa ni spiriti iliyojaa kwenye tungi la kushoto, zebaki inasukumwa tu. Joto likipanda, spiriti inatanuka na zebaki inapanda kulia. Baridi ikiingia, spiriti inasinyaa, zebaki inapanda kushoto. Ndiyo maana namba za huko zimegeuzwa.

Vijiti vina chuma. Zebaki inavisukuma juu, ikirudi inaviacha vimenasa palepale. Soma ncha ya CHINI ya kijiti: kulia joto la juu kabisa, kushoto la chini kabisa. Ukishaandika, vishushe kwa sumaku mpaka viguse zebaki. Usiposhusha, kesho unaweza kusoma baridi ya juzi.

Chipukizi: Kumbe ndiyo kazi ya kile kisumaku! Nikitundike wapi sasa?

Nyuzi40: Kivulini, hewa ipite. Vituo vya hali ya hewa hutumia kisanduku cheupe chenye upenyo, mita 1.25 hadi 2 kutoka ardhini. Ila wewe unalinda miche, kiweke usawa wa miche. Usiku usio na mawingu, hewa ya chini huwa baridi kuliko ya juu.

Domokaya: Si anunue cha kidijitali tu? Kinatunza kumbukumbu chenyewe.

Mzee wa Maabara: Sawa, mpaka betri ife. Chipukizi, angalia jambo moja: zebaki ya pande zote mbili lazima isome joto lilelile la sasa. Zikitofautiana, huenda zebaki imekatika safarini. Na kikivunjika usifagie wala usiguse kwa mkono, mvuke wake ni sumu.

Chipukizi: Kushoto 22, kulia 22. Nakitundika leo jioni.