Wiki ya pili na mashine ya CPAP, naivua usingizini bila kujua. Naomba uzoefu wenu wakuu

semi_kusini ameandika:

Habari za saa hizi wakuu, shikamoo kwa wakubwa.

Mimi ni dereva wa semi, njia yangu ni Dar Tunduma mpaka Lubumbashi, umri miaka 46, mwili mkubwa kiasi na shingo nene. Kukoroma nimekoroma miaka mingi mpaka utingo wangu huwa anatandika chini ya trela kuliko kulala na mimi kabini. Ila kilichonitisha ni kusinzia mchana, Kitonga napanda vizuri kabisa halafu nikifika kule kwenye nyoofu za Mbarali kichwa kinaanguka, na nimelala usiku mzima. Mke wangu ndo alinilazimisha niende hospitali, nikafungwa mawaya nikalala nayo, majibu yakatoka kwamba pumzi inakata au inapungua mara 38 kila saa, wakaniambia ni apnea ya usingizi na ni kali.

Nimepewa mashine ya CPAP, ile ya kusukuma hewa kooni ukiwa umelala, na barakoa ya kufunika pua tu. Hii ni wiki ya pili na kwa kweli napata shida. Nikiivaa nahisi kama nazibwa, upepo unakuja kwa nguvu nashindwa kutoa pumzi. Nikifanikiwa kulala naamka saa nane au saa tisa usiku nakuta barakoa iko chini ya mto na sikumbuki nimeivua saa ngapi. Mdomo unakauka kama nimekula mchanga, tumbo limejaa gesi asubuhi, juu ya pua kuna alama nyekundu inauma. Na nalala kwenye chandarua, hiyo paipu inanichanganya.

Kuna mtu humu anatumia? Mliizoea baada ya muda gani? Na nikiwa safarini nalala kabini inakuwaje? Nataka kweli kuendelea nayo maana kazi yangu ni barabara na nina watoto, ila usiku naona kama sitaweza.

---

mzee_wa_nkuhungu amejibu:

Pole sana mdogo wangu, na hongera kwa kupima, maana wenye tatizo hili wengi wanaambiwa tu wamerogwa au ni uchovu wa kazi.

Mimi natumia mwaka wa sita sasa hapa Dodoma. Ngoja nikuambie jambo ambalo lilinisaidia kuliko yote, usianze kuizoea usiku. Usiku umechoka, una hasira, umelala chali gizani, hapo kila kitu kinakuwa kikubwa. Ivae mchana. Kaa kwenye kochi angalia taarifa ya habari au mpira, vaa barakoa kwanza bila paipu, ikikaa vizuri unganisha paipu washa mashine, pumua kwa pua mdomo umefunga, dakika kumi, kesho ishirini, ukichoka vua halafu rudia. Mwili unajifunza kwamba hii kitu hainiui. Baada ya hapo jaribu usingizi mfupi wa mchana nayo. Mtu anayeivaa tu saa nne usiku na kuzima taa anateseka bure.

Halafu angalia kama rampu imewashwa. Rampu inaifanya mashine ianze na upepo mdogo kabisa kisha ipande polepole ukiwa umeshalala, unaweza kuiweka dakika 20 au 30, na mashine nyingi za sasa zina ya otomatiki inayosubiri mpaka usinzie. Kuna na kipengele kingine kinapunguza upepo pale unapotoa pumzi, muulize aliyekupa mashine akuwashie. Kwa hiyo hali ya kushindwa kutoa pumzi uliyoielezea, hivyo viwili ndo dawa yake.

Alama ya pua ina maana umekaza mikanda kupita kiasi. Watu tunakaza tukiwa tumekaa na mashine imezimwa, ukilala uso unabadilika hewa inavuja unakaza tena. Fanya hivi, lala kama unavyolala, washa mashine upepo ufike juu, halafu ivute barakoa mbele kidogo iachie ikae yenyewe ndo urekebishe mikanda, pande zote mbili sawa. Vidole viwili vipite chini ya mkanda. Ikiendelea kuuma basi saizi siyo yako, rudi ubadilishiwe, usivumilie kidonda. Na kama una ndevu nyingi barakoa nyingine hazishiki, kwa hao kuna zile ndogo za kuingia kwenye matundu ya pua.

Kuivua usingizini hata mimi ilinitokea kipindi kirefu tu. Ukiamka ukaikuta chini ya mto ivae tena hapohapo hata kama imebaki saa moja kukuche.

---

nesi_mstaafu amejibu:

Kaka semi_kusini pole. Naongezea upande wa kitaalamu kidogo kwa sababu ukielewa kinachotokea kooni uoga unapungua.

Ukilala misuli ya koo inalegea. Kwa mtu mwenye apnea ya kuziba njia, ulimi na nyama laini za nyuma zinaangukia njia ya hewa mpaka inajifunga, pumzi inakata sekunde 10 au zaidi, oksijeni inashuka kwenye damu, ubongo unashtuka unakuamsha nusu, unavuta pumzi kwa nguvu, unalala, inaziba tena. Kwako ni mara 38 kila saa. Kipimo hicho kinaitwa AHI, 5 mpaka 15 ni hali ndogo, 15 mpaka 30 ya kati, zaidi ya 30 kali. Kwa hiyo ulikuwa unalala masaa nane lakini ubongo haukulala. Ndo maana kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu havikusaidii, na ndo maana shinikizo la damu linapanda kwa wagonjwa wengi wa hali hii. Kama hujapima BP na sukari kapime wiki hii.

Mashine haikupumulii wala haikupi oksijeni. Inasukuma hewa ya kawaida ya chumbani kwa shinikizo ili koo libaki wazi, kama upepo unavyoshikilia tairi lisisinyae. Basi. Shinikizo lenyewe ni dogo, mashine za nyumbani zinafanya kazi kati ya sentimita 4 na 20 za maji. Daktari Colin Sullivan wa Sydney kule Australia ndiye aliyeianza mwaka 1980, majibu yakachapishwa 1981, na mpaka leo kwa apnea kali ndiyo tiba ya kwanza.

Sasa matatizo yako. Mdomo kukauka na barakoa ya pua maana yake unafungua mdomo usingizini na hewa inatokea hapo, na hewa ikitoka mdomoni tiba haifanyi kazi na unashtuka, inawezekana kabisa ndo sababu ya kuivua. Angalia kwanza pua. Imeziba? Madereva mnakula vumbi sana. Osha pua na maji ya chumvi ya dawa (saline ya duka la dawa, siyo chumvi ya jikoni kwa kubahatisha) kabla ya kulala. Pua ikiwa wazi na mdomo bado unafunguka, kuna mkanda wa kidevu, au ubadilishiwe barakoa ya kufunika pua na mdomo pamoja.

Gesi tumboni ni hewa unayoimeza. Inua upande wa kichwa cha kitanda, lala ubavu, usile ugali mzito halafu ukalale hapohapo. Ikizidi mwambie daktari aangalie upya shinikizo, lakini tafadhali usilibadilishe mwenyewe kwa kufuata mtu mtandaoni. Mashine inarekodi kila usiku umetumia saa ngapi, hewa imevuja kiasi gani na pumzi imekata mara ngapi, iko kwenye memori kadi au kwenye apu. Nenda na mashine kliniki wasome, hapo ndo utajua tatizo ni uvujaji au ni shinikizo la mashine, badala ya kukisia.

Pombe na vidonge vya usingizi acha, vinalegeza koo zaidi. Uzito ukipungua apnea nayo hupungua, lakini usisubiri upungue ndo utumie mashine.

Na la mwisho kaka yangu, hili nalisema kwa uzito wote. Mpaka uwe unalala na mashine usiku mzima na mchana husinzii, usiendeshe. Ongea na bosi wako akupe kazi ya yadi. Najua ni riziki, lakini lile gari ni tani nyingi na njia ile mabasi ya abiria yanapita.

---

bi_kizingo amejibu:

Salaam kutoka Mombasa. Mimi mama wa miaka 58, naitumia na chandarua kila siku so hilo lisikupe tabu. Paipu ipitishe juu nyuma ya kichwa siyo ubavuni, halafu pale inapoingia chandarua kunja kitambaa uzungushe na kibanio cha nguo mbu wasipate njia. Paipu ikitokea juu hata ukigeuka haikuviringi. Mashine weka kwenye stuli chini kidogo ya usawa wa kitanda, usiweke sakafuni itavuta vumbi lote.

Kuhusu maji ya kile kitenki cha mashine kinachotia hewa unyevu, tumia maji yaliyochujwa kwa mvuke yaani distildi. Huku kwetu watu huenda petroli stesheni wakaitisha maji ya betri, jamani hapana, hayo hayakutengenezwa mtu ayavute kifuani, na duka lingine likikupa maji ya betri linakupa asidi. Uliza duka la dawa. Ukikosa, maji ya kunywa ya chupa kwa usiku mmoja mbili si mbaya ila yanaacha chokaa nyeupe, unaitoa na siki kidogo kwenye maji vuguvugu kisha unasuuza sana. Kila asubuhi mwaga yaliyobaki ukaushe.

Na huku pwani kuna unyevu mwingi, mimi miezi ya joto nazima hita ya maji kabisa na sikauki. Ila ukiwasha AC ndo shida, hewa ya paipu ina joto chumba kina baridi, maji yanajikusanya ndani ya paipu yanakurukia usoni saa nane za usiku. Punguza unyevu au vika paipu soksi ya kitambaa.

Usafi: mto wa barakoa ule wa silikoni pangusa kila asubuhi kwa sabuni laini, mafuta ya uso ndo hufanya ivuje. Paipu mara moja kwa wiki, anika kivulini. Jiki usitie, spiriti usitie.

---

semi_kusini ameandika:

Dah, Mungu awabariki sana. Jana nimeivaa sebuleni wakati wa taarifa ya habari, watoto wamenizoea baada ya dakika tano tu. Rampu ilikuwa imezimwa kweli! Nimeiweka dakika 30 na usiku nimekwenda mpaka saa kumi. Pua ilikuwa imeziba, dada nesi umesema kweli. Bosi nimeongea naye, mwezi huu nipo yadi Kurasini.

Sasa swali langu la kabini. Gari ni volti 24. Naweza kuunga? Na umeme ukikatika nyumbani nikiwa usingizini si nitakosa hewa?

---

fundi_waya_tz amejibu:

Mkuu la kwanza, umeme ukikatika hufi. Barakoa za CPAP za nyumbani zina vitundu vya kutolea hewa, zile za pua na mdomo zina na valvu inayofunguka yenyewe upepo ukikata, na ya pua tu unafungua mdomo unapumua. Utaamka utaivua. Vile vitundu usivizibe na plasta hata vikipiga kelele.

Kabini. Kila modeli ya mashine ina konveta yake ya DC, yaani adapta ya umeme wa betri, nunua ile ya kampuni yenyewe au iliyoandikwa inafaa modeli yako, na usome kama inapokea 24, kuna zinazopokea 12 peke yake. Gari lako lina betri mbili za 12 zimeungwa mfululizo. Utasikia fundi anakwambia chukua 12 kwenye betri moja, USIKUBALI, betri moja itakuwa inanyonywa nyingine imejaa na zote zitakufa mapema. Kama konveta ni ya 12 weka kwanza kishusha volti kutoka 24 kwenda 12.

Zima hita ya maji na hita ya paipu ukiwa barabarani. Bila hita mashine nyingi hazizidi wati 30 hivi, ukiwasha hita inapanda mara kadhaa. Piga hesabu wati 30 kwa masaa 8 ni wati-saa 240, betri moja ya 12V 100Ah ina karibu wati-saa 1200 na usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo usiku mmoja unavuka vizuri. Ila ile foleni ya Tunduma ya siku mbili tatu bila kuwasha injini ndo itakukamata, weka kifaa cha kukata umeme volti ikishuka ili asubuhi gari liwake. Mimi ningekushauri uwe na betri ya pembeni ya mashine tu, isiyogusa za gari, unaichaji ukitembea. Betri hiyo hiyo ukirudi unaitumia nyumbani umeme ukikatika. Ukitumia inveta (ya kugeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) tafuta iliyoandikwa pure sine wave, zile za bei rahisi zinaweza kusumbua au kuua adapta.

Kingine, usiweke mashine mahali inavuta moshi wa dizeli, na usilale injini inaunguruma gari likiwa sehemu iliyofungwa. Filta angalia mara nyingi, kwa vumbi la huko mwezi ni mrefu sana. Zile nyeupe nyembamba hazifuliwi, unatupa unaweka mpya.

Na kwa wengine mnaosoma mkitaka kununua mashine zilizotumika za nje, angalieni. Philips walirudisha mashine zao nyingi Juni 2021 kwa sababu sponji ya ndani ya kuzuia kelele ilikuwa inaweza kumeguka na kuingia kwenye hewa unayovuta. Namba ya mashine ihakikiwe kwanza, na presha ya mashine iwekwe upya kwa vipimo vyako siyo vya mwenye nayo wa zamani.

---

mama_wawili_mbz amejibu:

Shemeji semi_kusini mpe pole wifi pia. Mume wangu ana miezi kadhaa nayo, kelele ya mashine ni ndogo kuliko feni, ikisikika pyuuu ujue barakoa inavuja. Wifi akiamka akakuta umeivua akuamshe tu uivae, mkubaliane mapema asije akaogopa kukusumbua.

---

semi_kusini ameandika:

Ahsante shemeji, nimemsomea, amesema ataniamsha bila huruma. Jumatatu napeleka mashine kliniki wasome kadi, fundi nakufuata inbox kuhusu hiyo betri ya pembeni.