Meza ya futi 7 imefunguka kwenye kiungo, na nina klampu 4 tu. Nifanyeje?

Kiamunyi_Jioni (mwenye uzi)

Habari zenu wadau. Mimi si fundi wa kulipwa. Mchana niko ofisini hapa Nakuru, jioni na wikendi niko kwa gereji yangu Kiamunyi napiga randa. Nimeshatengeneza viti, rafu za vitabu na kitanda cha mtoto, na vyote vimesimama. Balaa limeanza nilipopanda ukubwa.

Dada yangu anaishi Kisumu, upande wa Mamboleo. Aliniomba meza ya kulia ya watu wanane: futi 7 kwa futi 3 na nusu. Nikachukua mbao 6 za saiprasi kutoka Elburgon, kila moja upana inchi 7, unene inchi moja na robo. Zilikaa kwa gereji miezi minne kabla sijazigusa. Niliziunganisha ukingo kwa ukingo kwa gundi nyeupe ya mbao, zote sita kwa mkupuo mmoja. Klampu ndefu, vile vyuma vya kubania mbao gundi ikikauka, ninazo 4. Nilizilaza chini, nikapanga mbao juu yake, nikakaza mpaka mishipa ya shingo ikanitoka.

Nilipoitoa asubuhi, katikati ilikuwa imeinuka na pembeni imelala. Ukiipindua ni mtumbwi kabisa. Nikaila kwa randa siku mbili mpaka ikanyooka, ikapelekwa Kisumu, watu wakaisifu. Wiki ya tatu dada ananitumia picha: kiungo kimoja kimeachana kuanzia mwisho wa meza, karibu sentimita 40. Amechomeka kadi ya benki kwenye ufa, imeingia nusu.

Swali langu: ninunue klampu ngapi zaidi? Mke wangu anasema zikiongezeka zitahesabiwa kama wageni.

---

MvuviDunga

Kama ni mtumbwi ilete Dunga, injini tunayo.

---

Seremala_Luanda

Ndugu yangu, usinunue chochote bado. Ufa unaongea ukiutazama vizuri. Nenda na tochi, upanue kidogo kwa kabari, uniambie mambo mawili: gundi iliyokauka ndani ina rangi gani, na iko upande mmoja au pande zote mbili? Halafu uniambie uliigandisha saa ngapi na mwezi gani. Ukijibu hayo ndipo tuzungumze klampu. Mwalimu wetu wa ufundi alikuwa akiziita jiliwa, na ukisema klampu mbele yake unafagia karakana.

---

Kiamunyi_Jioni

Mzee, nimeshuka Kisumu Jumamosi makusudi. Nimepata vitu viwili tofauti ndani ya ufa mmoja.

Sentimita 15 za kwanza kutoka mwisho, gundi imekaa upande mmoja tu. Ni laini, inang'aa kama kioo. Upande wa pili ni mbao tupu, hata vijiwimbi vya mashine ya plaina bado vinaonekana. Sehemu iliyobaki ni nyeupe kama chaki. Nikikwaruza kwa ukucha inatoka unga.

Nilifanya kazi hiyo mwezi wa Julai, saa tatu usiku, baada ya watoto kulala. Gereji ni ya mabati.

---

Seremala_Luanda

Basi umejijibu, hujajua tu.

Ile chaki ni baridi. Gundi nyeupe ni vijitone vya plastiki vinavyoelea ndani ya maji. Maji yakinywewa na mbao, vijitone vinatakiwa kuyeyukiana viwe ngozi moja. Kukiwa na baridi sana, nyingi zinakataa kuanzia kama nyuzi 10 kushuka chini, vinakauka kila kimoja kivyake. Unabaki na unga. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na Julai usiku ndani ya mabati ni kama uko nje. Mbao zenyewe zilikuwa baridi, hata kama chupa ya gundi ulikuwa nayo kwa mfuko. Sisi huku Luanda tunaligusa tatizo hilo kwa nadra, na jamaa wa Kisumu hawalijui kabisa. Wao shida yao ni joto, gundi inawakaukia kabla hawajapata klampu ya pili.

Ile inayong'aa ni kosa lingine. Hapo mbao mbili hazikukutana. Ama ukingo ulikuwa na pengo, ama gundi ilifanya utando ukiwa bado unahangaika na mbao ya nne. Kingo zako ulizinyoosha na nini?

---

Kiamunyi_Jioni

Nilizipitisha kwa plaina pale niliponunulia mbao. Zilionekana zimenyooka, sikuzigusa tena.

---

Seremala_Luanda

Miezi minne kabla? Mbao imekauka, imejikunja inavyotaka, halafu wewe unaamini mstari wa Elburgon. Ukingo unanyooshwa siku ile ile ya gundi. Panga mbao mbili moja juu ya nyingine, ukingo kwa ukingo, weka taa nyuma. Mwanga ukipita, rudi kwa randa. Ukiweza kufunga kiungo kwa mikono miwili bila kukunja uso, hapo umefika.

Sisi wazee tunaacha katikati pawe na uwazi wa unene wa karatasi tu, ili ncha zibane kwanza na klampu ya katikati imalizie. Ncha ndizo hukauka na kusinyaa mapema. Yako ilianza kufunguka wapi? Mwishoni.

---

Hesabu_Njoro

Nakubaliana na mzee, ila nguvu nazo zina kazi yake. Watengenezaji wa gundi hushauri pauni 100 hadi 150 kwa kila inchi ya mraba kwa mbao laini, na 175 hadi 250 kwa mbao ngumu. Tuchukue 100 tu, saiprasi ni laini. Kiungo chako kina inchi 84 kwa moja na robo, sawa na inchi 105 za mraba. Hiyo ni pauni 10,500, zaidi ya tani 4 na nusu. Gawanya kwa klampu 4: kila moja ibebe tani moja na ushee. Huwezi kwa mkono wako, hata mishipa ikitoka yote.

Kwa hiyo wale wanaoogopa kwamba klampu ya mkono itakamua gundi yote iishe, mimi huwaambia wapunguze hofu. Shida ya kukaza kupita kiasi ni kupinda, si kukamua.

Idadi nayo ina hesabu yake rahisi. Nguvu ya klampu hutawanyika kwa nyuzi 45 kila upande kadiri inavyoingia ndani ya mbao. Mbao yako ya pembeni ni inchi 7, basi klampu moja inashika inchi 14 hivi za kiungo cha kwanza. 84 gawanya kwa 14 ni 6. Ungekuwa unaunganisha vibao vya inchi 2, ungehitaji msitu wa klampu, au ubao mnene pembeni wa kutawanya nguvu. Zako 4 ziliacha nafasi katikati, na mwisho kabisa nadhani hapakuwa na kitu.

Niko Njoro. Nina 3 za futi 5 zimelala. Nakuazima, lakini zirudi. Nimeshawahi kuazima mtu klampu nikahudhuria harusi yake, na bado sijaziona.

---

MamaPatasi

Kaka wa Kiamunyi, niko Bungoma, natengeneza makabati. Nikwambie kuhusu huo mtumbwi, maana wote wameupita.

Klampu zote zilikuwa chini. Ukikaza, chuma kinajinyonga kidogo, taya zinafunguka kwa juu, nguvu inabana sehemu ya chini ya ukingo tu. Meza haina pengine pa kwenda, inainuka mgongo. Dawa ni kupishana: moja chini, moja juu, moja chini. Na katikati ya taya na mbao uweke kijiti cha mviringo, kinene kama penseli, kikae katikati kabisa ya unene wa ubao. Hapo nguvu inapita moyoni mwa mbao hata kama taya imepinda.

Halafu vibao vya kubana juu na chini. Mimi naviita wasimamizi. Chukua vipande vinne vya mbao ngumu, virefu kuliko upana wa meza, ukingo mmoja uupige randa uwe na katumbo kadogo katikati, milimita moja au mbili. Kimoja juu kimoja chini, tia klampu kila ncha. Ukikaza ncha, tumbo linanyooka na kubonyeza katikati ya meza. Vifunge kwa selotepu ile pana ya makatoni, la sivyo utakuwa umetengeneza meza yenye mbavu. Chuma chenyewe nacho kisiguse gundi mbichi, kinaacha doa jeusi ambalo msasa hautalimaliza.

Lakini kosa kubwa kwangu ni kuunganisha mbao sita mara moja ukiwa peke yako usiku. Una dakika 10 hivi toka tone la kwanza la gundi mpaka kila kitu kibanwe, Kisumu saa saba mchana hata tano huna. Fanya tatu na tatu. Kesho yake unaunganisha nusu mbili, kiungo kimoja tu, unakitazama kama mtoto anayejifunza kutembea.

Na kabla ya gundi, fanya yote kavu. Yote. Kaza mpaka mwisho, pima, fungua, panga klampu kwa mfuatano utakaozihitaji. Mimi huwa naweka saa. Chupa ya gundi haifunguliwi mpaka nimeshinda ile saa.

---

BlackMamba_Busia

Nyinyi wenye klampu za futi 5 mnaishi vizuri. Mimi nina sifuri, na nimeuza milango.

Kwa meza bapa: sakafu au benchi imara, pigilia mbao mbili nene sambamba, nafasi kati yake izidi upana wa meza kwa inchi mbili. Laza karatasi ya nailoni, panga mbao zako na gundi, kisha kwenye ile nafasi ingiza kabari mbili mbili, ncha zikitazamana, gonga kwa nyundo zote mbili pamoja. Kabari inabana kuliko parafujo, mtaniambia. Weka mawe au debe la mchanga juu, maana bila uzito mbao zitaruka kama kipepeo, na ikitokea usiwe karibu.

Kwa viti na vitu visivyo na umbo: mpira wa tyubu. Ule wa kufungia mizigo kwa baiskeli. Sisi watu wa mpakani tuliukuta kwa boda za baiskeli, kila mtu anajua nguvu yake. Zungusha mara nane ukiuvuta kila mzunguko, nguvu zinajumlishwa. Ukizidisha, utavunja mguu wa kiti. Nimevunja.

---

Kiamunyi_Jioni

Asanteni sana. Swali la mwisho: naweza kuingiza gundi mpya kwenye ule ufa nikabana?

---

Seremala_Luanda

Hapana. Gundi nyeupe haishiki juu ya gundi nyeupe iliyokauka, imeziba vinyweleo vyote. Pasua pale pale kwenye kiungo, piga randa mpaka uone mbao mpya, ndipo uanze. Na kwa kuwa viungo vyote vitano viliganda usiku mmoja na baridi ile ile, mimi nisingeamini hata kimoja.

Nimesahau kuuliza: juu ya miguu umeifungaje? Kama umeipaka gundi kwenye fremu au umepiga skrubu za kukatiza bila nafasi ya kucheza, futi 3 na nusu za mbao zinataka kusinyaa na wewe umezikataza. Hapo hata gundi nzuri, mbao yenyewe itapasuka. Toboa tundu refu kama yai, skrubu iteleze.

---

Kiamunyi_Jioni

Mzee, skrubu 14 za kukatiza. Na gundi.

---

Seremala_Luanda

Pole.

---

Kiamunyi_Jioni

Narudi na habari, wiki tano baadaye.

Meza ilirudi Nakuru juu ya pikapu. Nilipasua viungo vyote vitano. Vitatu nilivikuta na ile chaki, kimoja kiliachana kwa kugongwa na kiganja. Kwa msumeno na randa nimepoteza inchi moja ya upana, dada hajaona na msimwambie.

Mbao zililala sebuleni usiku wa Ijumaa, nyuma ya kochi, ziwe na joto. Jumamosi saa tano asubuhi, jua limeshapiga mabati, nikafanya mazoezi makavu. Mara ya kwanza dakika 19. Nilikuwa natafuta kijiti, kumbe nimekikalia. Mara ya pili 13. Mara ya tatu 9, mke wangu akishika upande wa pili, na ndipo nikafungua chupa. Klampu saba: nne chini, tatu juu, wasimamizi wanne. Matone madogo ya gundi yalitokea mstari mzima kama jasho, kila inchi moja, bila mahali pakavu. Ubapa niliupima kwa rula ndefu: karatasi ya daftari haipiti chini yake.

Vipande vilivyobaki nilivigandisha pamoja siku hiyo hiyo. Jana nimekibana kimoja kwenye benchi nikakipiga nyundo. Kimevunjika pembeni ya kiungo, nyuzi za saiprasi zimechomoza kama meno ya kitana, na mstari wa gundi bado mzima. Nimekiweka dirishani.

Hesabu_Njoro, klampu zako tatu nazileta Jumapili.

---

Hesabu_Njoro

Jumapili ya tarehe ngapi?