Wiski za moshi za Islay: Laphroaig 10, Ardbeg 10 au Lagavulin 16?

Mgeni_wa_Moshi (Dar es Salaam)
Wakuu, heshima kwenu. Tuko watu wanne, kila mwisho wa mwezi tunachanga, tunanunua chupa moja, tunaionja taratibu na kubishana mpaka usingizi. Glenfiddich na Glenlivet tumeshazipitia, sasa tunataka kuingia upande wa moshi, zile za kisiwa cha Islay huko Uskoti. Kuna jamaa anapita Heathrow wiki ijayo, ana nafasi ya chupa moja tu kwenye begi. Mezani zimebaki tatu hizo za juu. Wenzangu wawili wameng'ang'ania Lagavulin, hoja yao ni kwamba 16 ni kubwa kuliko 10, basi. Mimi nina wasiwasi na hoja hiyo. Wote tumezoea Black Label. Mnashauri ipi na kwa nini? Naomba msinijibu "zote nzuri".

Baharia_wa_Clyde (Glasgow)
Karibu Islay, mkuu. Kama mmezoea Black Label, mmeshaonja kisiwa hicho bila kujua: sehemu ya moshi wake inatoka Caol Ila, kiwanda kilichoko Islay hukohuko.

Hoja ya umri iwekeni pembeni. Namba kwenye lebo ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizoingia kwenye chupa ile. Sheria ya Uskoti inataka isipungue miaka 3 kwenye pipa la mwaloni. Haikuambii pipa lilikuwa zuri au limechoka. Halafu kwenye wiski za moshi umri unafanya kazi kinyume na mnavyodhani: kadiri inavyokaa pipani ndivyo moshi unavyopoa. Anayetafuta moshi wa kuchoma pua hununua changa.

Viwanda vyote vitatu viko pwani ya kusini, mashariki ya kijiji cha Port Ellen, na kuna njia ya miguu inayoviunganisha. Laphroaig na Ardbeg wanahesabu kuanzia 1815, Lagavulin 1816. Ni majirani wa kuombana chumvi, ila glasini hawafanani.

Laphroaig 10 ni iodini, mwani na bandeji mpya. Huku Ulaya inatoka na kileo cha asilimia 40, Marekani 43. Asilimia 40 naiona chache kwa wiski ya tabia ile, inaisha mdomoni mapema.

Ardbeg 10 ni asilimia 46, haichujwi kwa baridi wala haitiwi rangi. Ukiitia maji inakuwa na ukungu kidogo, msishtuke. Limau, pilipili manga, masizi. Chini ya moshi kuna utamu ambao wengi hawautarajii.

Lagavulin 16 ni asilimia 43. Moshi mzito lakini umetulia, zabibu kavu, chai kavu iliyokolea. Inakaa mdomoni muda mrefu kuliko zote. Na bei yake huku inakaribia mara mbili ya Laphroaig.

Kura yangu: Ardbeg.

Kibuyu254 (Eldoret)
Mimi nimelelewa na mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyu kilichosuguliwa na mkaa wa mti wa senetwet, kwa hivyo hiyo Laphroaig haikunitisha hata siku moja. Lakini bana, nimeona watu wazima wakiinusa mara moja na kurudisha glasi mezani wakiuliza nani amemwaga dawa ya hospitali. Mkiwa wanne, uwezekano wa mmoja kuikataa kabisa ni mkubwa, na pesa ni ya wote. Laphroaig ni ya mtu kununua peke yake.

Hesabu_na_Tone (Arusha)
Naona tunazunguka wakati namba zipo. Moshi hupimwa kwa ppm, yaani sehemu za fenoli kwa milioni. Ardbeg 55, Laphroaig 40 hadi 45, Lagavulin kama 35. Kwa hiyo Ardbeg ndiyo kali, Lagavulin ndiyo laini, na mgeni aanze na laini. Wenzako wawili wako sahihi, ingawa kwa sababu isiyo sahihi.

Baharia_wa_Clyde (Glasgow)
Ndugu yangu Hesabu, namba zako ni za kweli ila zimepimwa kwenye shayiri, siyo kwenye chupa. Shayiri inachipushwa, kisha inakaushwa kwa moshi wa piti, ule udongo wa kinamasi unaokatwa na kuanikwa ukawa kuni. Hapo ndipo ppm inapopimwa. Baada ya hapo kuna kulowekwa, kuchachushwa, kuchemshwa mara mbili na miaka pipani, na kila hatua inakula fenoli zake. Bruichladdich, kiwanda kingine cha Islay, walitoa wiski ya Octomore 8.3 yenye shayiri ya ppm 309.1. Ingekuwa namba ndiyo kila kitu, hakuna ambaye angeimeza.

Tofauti kubwa iko kwenye mitambo ya shaba. Ardbeg wana kifaa cha kusafisha mvuke kwenye mtambo wa pili. Kinanasa mvuke mzito na kuurudisha chini ukachemke tena, ndiyo maana pombe yao inatoka na matunda ingawa shayiri ina moshi mwingi. Laphroaig kwenye mchemsho wa pili wanachelewa kuanza kukusanya pombe, kisha wanaendelea mpaka mwishoni, ambako fenoli nzito ndiko zinakotokea. Hiyo ndiyo dawa ya hospitali anayoisema Kibuyu. Lagavulin wanachemsha polepole mno, mchemsho wa pili unapita saa 9.

Na kuna kisa ambacho watu wa Islay hawachoki kukisimulia. Peter Mackie, mwenye Lagavulin, alipokonywa uwakala wa kuuza Laphroaig. Kwa hasira akajenga kiwanda kidogo ndani ya eneo la Lagavulin mwaka 1908, akakiita Malt Mill, akitaka kuinakili wiski ya jirani. Mitambo akaigiza, wafanyakazi akawavuta. Laphroaig haikutoka.

Hesabu_na_Tone (Arusha)
Nakubali kuhusu mitambo. Lakini bado nasema Lagavulin. Ardbeg kwa asilimia 46, kwa watu waliotoka Glenlivet juzi?

Shangazi_Kipimo (Mombasa)
Asilimia 46 inatibiwa na maji, mwanangu. Kijiko kimoja cha chai, subiri kidogo, onja tena. Asilimia 40 hakuna wa kuipandisha. Barafu msitie, inafunga harufu, na hapa harufu ndiyo mliyoilipia.

Kuna jambo hamjaligusa. Zote tatu zinauzwa pia kwenye chupa ndogo za sentilita 5 katika maduka ya wiski London. Huyo jamaa akipata nusu siku mjini, anunue ndogo tatu aziweke kwenye soksi. Kwa watu wanne ni fundo moja moja tu, hazitoshi kubishana usiku kucha, lakini zitawaambia ni ipi ya kununua kubwa mwezi ujao. Mkizionja pamoja, anzeni na Lagavulin na mmalize na Laphroaig. Mkianza na Laphroaig, nyingine mtazisikia kama maji.

Mkusanyaji_Mzito (Nairobi)
Swali la pembeni: kati ya hizi, ipi ya kuhifadhi ipande thamani?

Baharia_wa_Clyde (Glasgow)
Hakuna, mzee. Hizi zinatengenezwa kila mwaka. Waliofaidi ni wenye chupa za Port Ellen ya zamani, kiwanda kilichofungwa 1983 na kufunguliwa tena 2024. Zisizorudi ndizo zinazopanda.

Mgeni_wa_Moshi (Dar es Salaam)
Shangazi, shikamoo na ahsante. Jamaa hana nafasi ya kuingia mjini, anabadilisha ndege tu, kwa hiyo ndogo zimeshindikana. Nimewasomea wenzangu uzi wote, mmoja amehamia Ardbeg, wa Lagavulin amebaki peke yake na bei imemnyamazisha. Tumeagiza Ardbeg 10.

Shangazi_Kipimo (Mombasa)
Marahaba. Mwambie asome lebo vizuri. Maduka ya uwanja wa ndege yamejaa chupa za majina ya mbwembwe zisizo na umri, zilizotengenezwa kwa wasafiri. Atafute iliyoandikwa Ten. Na hapo Dar iwekeni kabatini ikiwa imesimama, mbali na jua, maana wiski kali inakula kizibo ikilazwa.