Haisi ya Marangu igeuke mbega: katuni ya sekunde 40 ya kumuenzi Miyazaki

mchora_migomba (Moshi)
Wakuu, habari za jioni. Tuko watatu, tunataka kutengeneza katuni ya sekunde 40 ya kumuenzi Hayao Miyazaki, mwongozaji wa filamu za katuni wa Japani, kwa mtindo wa ile sehemu ya The Simpsons ya mwaka 2014, "Married to the Blob", pale Homer na baba wa Kumiko (mchumba wa yule muuza vitabu vya katuni) wanapolewa na mji mzima unageuka kuwa wa Miyazaki. Wazo letu: abiria anasubiri haisi (basi dogo) ya Marangu jua likizama, gari linafika, linageuka mbega na kukimbia juu ya vihamba, yaani mashamba yetu ya migomba na kahawa. Tuna laptop moja ya RAM GB 8, kibao kidogo cha kuchorea na skana ya A4. Tuchore michoro mingapi kwa sekunde? Programu gani ya bure? Na tusije tukaambiwa tumeiba.

ukuta_wa_seli (Arusha)
Mkuu, anza na kuiangalia tena ile sehemu ya Simpsons, programu baadaye. Kila mhusika alipewa nafasi inayoendana na kazi yake ya siku zote. Otto, dereva wa basi la shule, ndiye aliyekuwa basi-paka la filamu ya Miyazaki, My Neighbor Totoro (1988). Patty na Selma walipanda fagio kama Kiki, yule mchawi mdogo wa Kiki's Delivery Service. Duka la Apu liliota miguu likaondoka kama ngome ya Howl's Moving Castle. Ngozi za njano na macho ya mviringo hayakuguswa. Dunia ndiyo iliyobadilika, wao wakabaki wao.

Kwa hiyo mbega ni chaguo zuri kuliko paka. Paka ni wa Miyazaki, mbega ni wa msitu wa Kilimanjaro, na manyoya yake marefu meupe ya ubavuni yanawaonyesha upepo bila kuongeza kitu kingine. Halafu mbega hana dole gumba la kuonekana, kwa hiyo ana vidole vinne kama watu wa Simpsons. Mkono wa konda unaoning'inia mlangoni uchoreni hivyohivyo, mwenye kujua atacheka mwenyewe.

Ila msijaze. Sekunde 40 zinabeba madokezo mawili, matatu. Mkiweka kumi, mtazamaji anaacha kutazama katuni anaanza kuhesabu.

fremu24
Hesabu ni hii. Sekunde 40 kwa fremu (picha) 24 kila sekunde ni fremu 960. Mkichora kila mchoro ukae fremu 2, ni michoro 480. Ukae fremu 3, ni 320. Msiogope, hamtachora zote. Abiria aliyesimama kituoni akae fremu 3, na nusu ya muda asisogee kabisa. Gari kugeuka mbega, sekunde 4 kwa fremu 2, ni michoro 48, na hapo msibane: ndipo kazi ilipo.

Mbio ndizo rahisi kuliko zinavyoonekana. Basi-paka lina miguu 12. Nyie wekeni 8, yaani minne kila upande. Choreni mguu mmoja tu kwa mzunguko wa michoro 8: minne ya kwanza unyayo uko chini, minne ya pili uko hewani. Mguu unaofuata utumie michoro ileile ukianzia mchoro wa 3, wa tatu uanzie wa 5, wa nne uanzie wa 7. Linatokea wimbi kama la jongoo. Kila mchoro fremu 2, mzunguko mzima fremu 16, na mbio za sekunde 8 zinajirudia mara 12 kamili.

Kosa linaloharibu kazi za wengi: miguu inateleza kama iko kwenye barafu. Unyayo ukiwa chini, urudi nyuma pikseli sawasawa na ardhi. Kama unarudi 24 kwa kila mchoro, ardhi nayo isogee 24 kila fremu 2. Mkisogeza ardhi 12 kila fremu moja huku mguu unabadilika kila fremu ya pili, mtaona mtetemo wa ajabu na hamtajua umetoka wapi.

kata_na_unga
Kwa nini wajitese? Wakate mwili wa mbega vipande kwenye OpenToonz, programu ya kutengeneza katuni, waunganishe viungo, programu ijaze katikati. Siku tatu wamemaliza.

fremu24
Watamaliza, lakini itakuwa kikaragosi cha karatasi. Kinachomfanya mnyama wa Miyazaki aonekane mzito ni mwili kubonyea unyayo ukigusa chini na kuvutika akiruka. Kipande kilichokatwa hakibonyei chenyewe. Vipande vifae kwa gari kabla halijageuka: hapo liwe bati tupu, gumu, lisilopinda. Ndiyo, tofauti hiyo itawafaa.

OpenToonz ni ya bure tangu 2016, na Studio Ghibli, studio ya Miyazaki, wametumia Toonz, programu iliyoizaa, tangu Princess Mononoke (1997). Chorea mwendo humo, mandhari mpakie Krita, programu ya bure ya kuchora. Krita inaweza kuhuisha (kuipa michoro mwendo) pia, ila fremu moja ya 1920 kwa 1080 isiyobanwa ni kama MB 8 za RAM kwa kila leya (tabaka la mchoro). Kwa GB 8 mtakwama mapema. Mkilazimika, hakikini kwa nusu ya ukubwa, mzigo unashuka hadi robo.

kijani_si_kimoja (Moshi)
Nizungumzie mandhari, maana hapo ndipo wengi wanaanguka. Kazuo Oga, aliyesimamia mandhari ya Totoro, alipaka kwa rangi nzito ya maji, ile ya vikopo inayoziba karatasi. Kwenye Krita chagueni brashi yenye kingo kali na mabaki ya nywele. Brashi laini ya kupuliza iwekeni mbali, inafanya kila kitu kiwe moshi.

Kihamba si kijani kimoja. Jani la mgomba likipitwa na jua kwa nyuma ni la njano-kijani. Upande unaopokea mwanga wa anga unapauka kuelekea bluu. Chini kwenye kahawa kivuli ni kahawia yenye zambarau kidogo. Majani yaliyokomaa yachaneni, kwa sababu upepo huyachana. Jani zima lisilo na mpasuko linaonekana la plastiki. Pakeni giza kwanza, mwanga mwisho.

Kibo, kilele cha Kilimanjaro, isiwe ya kahawia. Kwa umbali huo ni bluu iliyopauka, na barafu yake jioni ina waridi upande wa jua tu. Wingu likate mlima katikati: juu ya wingu kingo kali, chini laini, na kivuli chake kikaribie rangi ya anga iliyo pembeni.

Kwa mbio za sekunde 8 (fremu 192): ardhi na nyasi zinakwenda wastani wa pikseli 12 kwa fremu (yaani 24 kila fremu 2), kwa hiyo picha yake iwe na upana wa 2304 jumlisha 1920, yaani 4224. Migomba ya nyuma kwa 6 ni 3072. Vilima kwa 2 ni 2304. Mlima usisogee hata kidogo. Watu wengi huusogeza mlima, ndipo unageuka kichuguu.

mchora_migomba (Moshi)
Shukrani sana wakuu. Mwenzetu mmoja anachora vizuri kwenye karatasi tu, kibao kinamshinda. Na haki je?

ukuta_wa_seli (Arusha)
Achore kwenye karatasi. Mashine ya kutoboa ya ofisini inatoa matundu mawili ya milimita 6 yaliyoachana milimita 80. Gundisheni vijiti viwili vya upana huo kwenye ubao, kioo cha milimita 5 na taa ya LED chini yake, basi. Toboeni karatasi tatu tatu. Mkishindilia kumi, za chini zinatoboka upande na mchoro utacheza ukiunganishwa. Kwenye skana gundisheni vijiti vingine viwili ili kila karatasi ikae palepale.

Kuhusu haki: kuandika "kwa heshima ya" hakuwapi ruhusa ya chochote. Msichore juu ya fremu ya filamu, msimweke Totoro mwenyewe, na muziki wa Joe Hisaishi, mtunzi wa filamu za Miyazaki, msiuguse hata sekunde mbili, YouTube itaukamata. Rekodini wenyewe: mlango wa haisi, maji ya mfereji, vyura. Mkitaka kuonyesha ukumbini, ulizeni Bodi ya Filamu kwanza.

Na pale kituoni kabla gari halijafika, acheni sekunde 4 za kimya. Miyazaki alimweleza Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa Marekani, mwaka 2002 kwa kupiga makofi: ule muda kati ya kofi na kofi, Wajapani huuita "ma". Ili isionekane video imeganda, pindo la khanga ya abiria liwe na mzunguko wa michoro 4, kila mmoja fremu 3.

mchora_migomba (Moshi)
Swali la mwisho: mkia wa mbega unafuata mwili au unakwenda wenyewe?

fremu24
Unafuata, kwa kuchelewa. Shina la mkia lichelewe mchoro 1 nyuma ya kiuno, katikati 2, kishungi cheupe 3. Mbega akisimama ghafla, kishungi kiendelee mbele michoro mingine 4 au 5 ndipo kitulie.