Mjadala: Kijana kuanzia chuo cha miaka miwili, aibu iko wapi?

Mtoa mada: Wadau, juzi harusini hapa Sacramento nilisema kijana wangu ataanzia chuo cha jamii, kile cha miaka 2, asome sayansi ya mazingira kisha ahamie chuo kikuu. Meza nzima kimya, kama nimeleta taarifa ya msiba. Mzee mmoja akauliza, "Kwani alifeli?" Hakufeli. Mkazi wa California analipa dola 46 kwa uniti moja, yaani kipimo cha uzito wa somo. Uniti 60, yaani miaka yote 2, ni dola 2,760. Kwenye vyuo vikuu vya jimbo, CSU, karo ya mwaka mmoja tu inapita 6,000. Na kemia ya mwaka wa kwanza ni ileile. Mnaopinga, nipeni sababu isiyo ya harusini.

Binti Kisauni: Ninayo, mzee wangu. Marekani nzima, kama 8 katika kila 10 wanaoanzia vyuo hivi wananuia shahada kamili. Wanaoipata ndani ya miaka 6 ni kama 16 katika 100. Kuingia rahisi, kutoka ndiyo kazi.

Mtoa mada: Wengi wao wanafanya kazi usiku na wana watoto wa kulea. Wangu ana miaka 18, analala kwangu, anakula kwangu.

Dada wa Maabara: Mimi nimeipita njia hii, na fani hiihii. Kinachoua ni mpangilio wa masomo. Kemia ya 1 lazima itangulie ya 2, kalkulasi nayo ina ngazi zake, hujagusa baiolojia, fizikia wala takwimu. Muhula wa kwanza mshauri wa masomo alinipangia historia na muziki, eti nizoee kwanza. Kemia nikaianza mwaka wa 2, darasa la jioni likajaa, nikasubiri. Nilitoka pale baada ya miaka 3 na nusu. Karo sikuilalamikia, ila ile miaka hakuna wa kunirudishia. Mzee, kabla hajasajili somo lolote, fungueni ASSIST, tovuti inayoonyesha somo la chuo fulani linapokelewa na chuo kikuu kipi. Anakotaka kuhamia achague sasa hivi.

Mpitanjia: Mbona hamtaji dhamana? Kwa sheria ya 2010, ukimaliza shahada ya miaka 2 ya uhamisho, CSU lazima wakupe nafasi.

Binti Kisauni: Nafasi ndani ya mfumo, si lazima kampasi unayoitaka. Kwa UC, yaani Chuo Kikuu cha California, mfumo mwingine wa jimbo, kampasi 6 ndizo zinazotoa dhamana kwa wanaohamia kutoka vyuo vya jamii. Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo. Na mnaosoma hapa mkiwa Mwanza au Eldoret, hiyo dola 46 si yenu. Mwenye viza ya mwanafunzi hulipa mara kadhaa zaidi, na haruhusiwi kushuka chini ya uniti 12 kwa muhula. Mawakala wanaowauzia "chuo cha bei rahisi" hilo hulimeza.

Mtoa mada: Hilo nakubali, kwa mgeni hesabu ni nyingine. Dada, tumefungua ASSIST usiku huu. Anataka Davis, ambayo imo kwenye hizo 6, na ataendelea kulala nyumbani. Kemia ya 1 imebaki nafasi 3, darasa la saa 1 asubuhi. Analalamika ni mapema mno. Mama yake keshamsajili.