Boksi la umeme la roboti ya bwawa linalia: nitengeneze, ninunue jipya au nirudi kwenye brashi?

Mwenyeji_Paje
Wakuu, salaam. Nina nyumba ya wageni Paje, bwawa la mita 8 kwa 4. Roboti ya kusafishia ina mwaka wa tatu. Tangu Jumapili nikiwasha, boksi lake la umeme linalia pii-pii-pii, taa nyekundu inawaka na kuzima, roboti inasogea kidogo halafu kimya. Wageni wanaingia Ijumaa. Boksi jipya nimeambiwa laki tisa. Fundi wa mjini anataka elfu themanini alifungue. Au niachane nayo, nirudi kwenye brashi na mpira wa kuvuta uchafu? Nishaurini.

Fundi_Nyaya
Mkuu, hapo hujatupa pa kuanzia. Roboti ya aina gani? Boksi limeandikwa volti ngapi za kuingia, ngapi za kutoka? Linakaa kivulini au juani? Jaribu hivi: zima ukutani, chomoa waya unaokwenda kwenye roboti, kisha washa boksi peke yake. Likiendelea kulia, tatizo ni boksi au umeme unaoliingia. Likinyamaza, basi kwa maboksi mengi linajilinda tu, kuna kitu mbele yake kinavuta umeme kupita kiasi: waya uliochubuka, mota iliyoingia maji, au uchafu uliokaba.

Mama_Diani
Kaka, usinunue boksi! Nakuomba. Yangu ilianza hivyo hivyo mwaka jana, nikaambiwa ni boksi, nikaagiza kwa shilingi elfu arobaini na tano za Kenya. Likakaa njiani wiki sita. Wiki zote hizo mwanangu aliamka saa kumi na moja alfajiri kupiga brashi kabla ya wageni hawajatoka vyumbani. Boksi likafika, nikachomeka, dakika nne hazikuisha: pii-pii-pii. Nilikaa chini pale pembeni ya bwawa, nguvu zimeniisha. Fundi mwingine alipokuja hakuligusa boksi. Aliipindua roboti, akafungua skrubu mbili za kifuniko cha impela, ile feni ndogo ya kuvuta maji. Nywele za kusukia, ndefu, zilikuwa zimejiviringa kwenye shafti mpaka zikala sili, ule mpira wa kuzuia maji yasiingie kwenye mota. Alipoitikisa mota karibu na sikio langu, nikasikia maji yakicheza ndani. Mota nikanunua, na boksi nisilolihitaji nikawa nimeshalilipia.

Betri_Tu
Mimi nasema uza hiyo. Zipo roboti za betri siku hizi, hazina waya wala boksi. Unachaji, unatumbukiza, basi.

Fundi_Nyaya
Na betri ikichoka? Nyingi zimefungwa ndani kabisa, na kupata betri yake huku ni shida. Ya waya unaweza kuitengeneza kipande kwa kipande.

Mzee_Klorini
Bwawa la mita 8 kwa 4 kijana mmoja analimaliza kwa saa moja, na pembe za ngazi anazifikia vizuri kuliko mashine yoyote. Mlipeni kijana. Halafu mpime maji kila siku, pH iwe 7.2 hadi 7.6. Ikipanda, klorini inapungua nguvu na mwani unashika ukutani, hapo hata roboti mbili hazisaidii.

Mama_Diani
Mzee, kijana namlipa na roboti ninayo. Anapata nafasi ya kushughulikia bustani.

Mwenyeji_Paje
Nimerudi. Nikichomoa waya, boksi linanyamaza. Limeandikwa 115V, 60Hz. Roboti alinitumia shemeji kutoka Marekani, kwa hiyo naiunganisha kwenye transfoma ya kushusha umeme, wati 300. Transfoma hiyohiyo ndiyo ya blenda ya jikoni.

Fundi_Nyaya
Mkuu, hilo ndilo lilipaswa kuwa sentensi ya kwanza! Basi jaribio langu pekee halitoshi. Transfoma iliyochoka huonekana nzima ikiwa haina mzigo, yaani hakuna kifaa kinachovuta umeme wake. Mzigo ukija, volti zinaporomoka na boksi linalalamika. Roboti nyingi hazifiki wati 200, lakini blenda inaweza kuzidi 300 peke yake. Pima volti zinazotoka kwenye transfoma kabla ya kuwasha, kisha pima roboti ikiwa inatembea majini. Usiipimie nje ya maji, mota itaungua. Na usipime umesimama palipolowa. Transfoma na boksi vikae mbali na bwawa, na soketi iwe na breka ya kukata umeme ukivuja, ya 30mA.

Mwenyeji_Paje
Kabla ya kuwasha, 113. Roboti ilipoanza kutembea, 91, boksi likalia palepale. Transfoma ukiishika ina moto, na harufu ya vanishi.

Betri_Tu
Si nilisema.

Fundi_Nyaya
Azima transfoma ya wati 1000 kwa mtu, ujaribu tena. Huyo wa elfu themanini mwambie asubiri.

Mama_Diani
Na kifuniko cha impela ukifungue pia, kaka. Kikikaba, mota inavuta umeme mwingi, na hiyo inatosha kuangusha volti.

Mwenyeji_Paje
Nimefungua sasa hivi. Kuna mchanga na uzi mweusi, kama wa msuko. Sili naiona nzima, ila sina uhakika. Jirani ana transfoma kubwa, atarudi kutoka mjini kesho jioni.

Mgeni_Nungwi
Samahani kuingilia: wenye mabwawa ya maji ya chumvi, brashi za roboti zenu zinadumu muda gani? Zangu zimekwisha ndani ya miezi saba.

Mzee_Klorini
Chumvi umeweka kiasi gani?